Nyamaza, Baba

Kabla sijaanza, naomba ieleweke kwamba nchi yetu haina tatizo lolote. Jina lake silitaji, na si kwa woga. Ni kwamba wakati naandika haya jina lilikuwa linabadilishwa, na sitaki msomaji akariri leo neno ambalo kesho litakuwa kosa.

Mimi naitwa Hilali Mpondachuma. Wakati huo nilikuwa Mwonyeshaji wa Vivutio, daraja la pili, katika Wizara ya Watoto na Vivutio. Zamani zilikuwa wizara mbili. Zikaunganishwa pale waziri wa watoto aliposafiri ghafla, na waziri wa vivutio akaonekana ana nafasi kwenye gari lake. Tangu hapo mgeni akija kutazama maporomoko huonyeshwa pia watoto, na mgeni akija kuasili mtoto huonyeshwa kwanza maporomoko. Hakuna aliyelalamika. Kwetu watu hawana tabia hiyo.

Wageni wa kisa hiki walikuja kuasili. Mume aliitwa Bwana Anzuruni, fundi wa majokofu kutoka nchi jirani, mtu mrefu mpole aliyekuwa akisimama mahali anainamisha kichwa kusikiliza mashine za watu. Mkewe, Bi. Chausiku, alikuwa mwalimu wa chekechea. Walikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, wakazika wawili kabla hata hawajawapa majina. Alinieleza hayo yeye mwenyewe pale pale uwanja wa ndege, huku amekumbatia mkoba uliojaa nepi, na mbeleko ya kitenge ikichungulia kwenye zipu.

"Mtoto wetu yuko wapi?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza baada ya salamu.

"Yupo, Bi. Chausiku. Vivutio kwanza. Lakini kabla ya vivutio kuna jambo moja dogo. Katika nchi hii neno 'baba' lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?" akauliza Bwana Anzuruni.

Nikamwonyesha picha. Haikuwa kazi, maana kila upande aliogeukia palikuwa na picha.

Niliwafafanulia Sheria ya Neno. Baba ni mmoja, Mkuu wa Nchi, na sisi sote ni watoto wake. Yule aliyekuzaa unamwita mzee wa nyumbani. Baba mkwe anaitwa mkwe mkubwa. Jirani yangu mmoja alisahau, akasema sokoni kwamba anakwenda kumsalimia baba mdogo. Baba hawezi kuwa mdogo. Jirani akasafiri.

"Na hawa yatima tunaokuja kuwaona?" Bi. Chausiku aliuliza.

Nilimziba mdomo kwa macho. "Kwetu hakuna yatima. Mwenye Baba si yatima. Ukisema yatima, maana yake unasema Baba amefanya nini?"

Akaelewa. "Sawa. Na wazazi wa watoto hawa?"

"Wamesafiri."

"Wote?"

"Wananchi wetu wanapenda sana kusafiri," nikasema, nikawafungulia mlango wa gari.

*

Niliwapeleka kwanza Maporomoko ya Ushindi wa Kudumu. Maji yetu yana nidhamu, hayaporomoki mpaka mgeni afike. Nilipuliza filimbi, tukasubiri kidogo, huko juu mtu akafungua koki, na maji yakaanza kushuka, kwanza yenye rangi ya kutu, kisha meupe na ya kupendeza kabisa. Nyuma ya ukuta uliochorwa msitu walikuwa wamepanga foleni akina mama wenye ndoo. Hawakuruhusiwa kusogea, kwa sababu maji ya mgeni ndiyo maji ya wilaya, na hayawezi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Bwana Anzuruni aliinamisha kichwa. "Pampu yenu beringi zimekwisha," akasema.

"Hakuna pampu hapa."

"Naisikia."

"Huo ni moyo wa taifa," nikamweleza, tukaondoka kabla maji hayajakatika.

Baadaye tukaingia Makumbusho ya Viti, ambamo vimehifadhiwa viti vyote alivyowahi kukalia Baba. Kila kimoja bado kina joto. Kuna mtumishi anayepita na chupa ya maji ya moto, anaviwekea asubuhi kabla milango haijafunguliwa. Bi. Chausiku alitembea taratibu, akisifu kwa adabu, mpaka akafika kwenye kiti cha mwisho, cha chuma, chenye mikanda mikononi na miguuni.

"Na hiki alikikalia lini?"

"Hiki hakukikalia," nikasema. "Hiki alikuwa anakitazama."

Alirudisha mikono kifuani, akatangulia mlangoni.

Kwenye gari tulisimama kusikiliza hotuba. Kila siku Baba hutoa hotuba mpya redioni, na magari yote husimama. Husema "Ndugu wananchi," hukohoa, halafu huendelea. Ni kawaida wananchi nao kukohoa hapo, kwa mshikamano. Barabara nzima ikakohoa. Bibi mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo alichelewa, akakohoa peke yake baada ya wenzake, na niliona jasho likimtoka.

"Lakini hii si ile ya jana?" Bi. Chausiku akanong'ona.

"Jana ilikuwa ya jana. Hii ni ya leo."

Kivutio cha tatu ni fahari yangu, Shimo la Mwangwi. Lilichimbwa liwe msingi wa sanamu, sanamu ikakosa saruji, shimo likabaki likakua. Hakuna anayeona chini. Unasimama kwenye reli, unapaza sauti, shimo linakujibu. Nilianza mimi: "Baba oyee!" Shimo likaitika "Oyee!" kabla sijafunga mdomo, kwa utiifu wake.

Bwana Anzuruni, kwa kutaka kumchekesha mkewe, akaita jina lake mwenyewe. "Anzuruni!"

Halafu sauti ikapanda kutoka chini, nyembamba na ya mbali.

"Wa wapi?"

Bi. Chausiku alimshika mumewe mkono. "Hilali, huo ni mwangwi gani?"

"Mwangwi wetu umesoma," nikamjibu. Kisha sauti nyingine, ya mwanamke, ikauliza kama kuna mkate. Nikapuliza filimbi, muda wa kivutio ukawa umekwisha.

*

Sitaki mnione mimi mtu mgumu. Niliwaonea huruma. Ndiyo maana, kinyume cha ratiba, niliwapitisha Nyumba ya Watoto wa Baba wakamwone mtoto dirishani. Kumshika ilikuwa mpaka siku ya sherehe ya kumkabidhi.

Ni nyumba nzuri yenye sakafu inayong'aa. Vitanda vimepangwa, na kwenye kila kitanda mtoto, na hakuna sauti hata moja.

"Mbona hawalii?" Bi. Chausiku alimuuliza msimamizi, Bi. Tunu.

"Wameshajua haisaidii," alisema Bi. Tunu. Akaniona. "Wameridhika, yaani."

Mtoto wao alikuwa karibu na kioo. Mvulana, mwenye masikio makubwa yaliyosimama, anatafuna pindo la blanketi kwa bidii ya mtu mwenye kazi. Bi. Chausiku aliweka kiganja kwenye kioo. Mtoto aliacha kutafuna, akamtazama. Walitazamana muda mrefu, mpaka nikajikuta natazama viatu vyangu.

"Ndiye?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndiye."

"Tazama masikio, mume wangu."

"Huyu atasikia pampu mbovu akiwa chumba cha pili," alisema Bwana Anzuruni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege.

Mkewe alitoa mbeleko, akajifunga mgongoni ikiwa tupu, pale pale ukumbini, akainama kidogo mbele kama mtu aliyebeba. "Najaribu tu," akatuambia. Bi. Tunu alijifanya anakung'uta vumbi.

*

Siku ya kuamkia sherehe alikuja hotelini Mheshimiwa Abeli Kidevu, Waziri wa Watoto na Vivutio, mtu mwenye kidevu kipana ambacho hutangulia mwili wake kuingia chumbani. Alivaa miwani myeusi na alinukia manukato makali.

"Nasikia wewe ni fundi wa majokofu," akamwambia Bwana Anzuruni.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ikulu kuna jokofu. Kubwa kiasi. La kuhifadhia... nyama."

"Linafanyaje?"

"Linapata joto."

Bwana Anzuruni alichukua bisibisi zake. Alirudi kabla ya chakula cha mchana, mikono yake safi kabisa, akaenda bafuni akaiosha, akaiosha tena, mpaka sabuni ya hoteli ikaisha. Chakula kilipoletwa alikiondoa mbele yake.

"Vipi huko?" mkewe alimuuliza.

"Kesho tumchukue mtoto tuondoke. Tusilale hata siku moja zaidi."

"Limepona?" nikauliza mimi, kwa sababu ni mali ya umma.

"Halifai," akasema. "Na kilichomo hakifai."

Mimi, nakiri, nilidhani ni mbuzi wa Sikukuu ya Uhuru.

*

Sherehe ilifanyika Ikulu asubuhi, kwenye ukumbi wenye zulia jekundu. Mawaziri wote walikuwepo, kila mmoja ameweka leso puani, maana joto la mwaka huo lilikuwa baya. Alikuwepo pia Kanali Ndembo, mwenye masharubu yaliyopindwa juu kwa mafuta. Katikati palikuwa na kipaza sauti. Redio ilikuwa hewani moja kwa moja, jambo ambalo si kawaida yetu. Lakini alfajiri ile mkanda wa hotuba mpya ulikuwa umekatika, ukakatikia kwenye kikohozi, na muda wa Baba ulihitaji kujazwa kitu.

Mheshimiwa Kidevu alihutubia. "Leo," akasema, "kwa ukarimu usiomithilika, usiopimika, na ambao tungeomba usizoeleke, Baba anawapa jirani zetu mtoto mmoja kati ya watoto wake. Wamlee. Wamkumbushe kila siku alikotoka. Na wakishindwa kumlea, wasimrudishe."

Tulipiga makofi. Bi. Tunu akamleta mtoto, akamweka mikononi mwa Bi. Chausiku.

Mtoto alitulia kidogo, amefumbua macho. Nadhani alikuwa hajawahi kushikwa hivyo, na kifua chote, na kidevu cha mtu juu ya kichwa chake. Alipoelewa ni kitu gani, alilia. Alilia kwa nguvu zake zote, masikio yakageuka mekundu. Nina watoto wanne, najua vilio. Kile hakikuwa cha njaa. Alilia kwa kuwa amepata wa kumlilia.

Na Bi. Chausiku akasahau mahali alipo. Alimpigapiga mgongoni, akaanza kumbembeleza kwa sauti ya nyumbani kwao, mbele ya kipaza sauti, nchi nzima inasikia:

"Nyamaza, baba. Nyamaza, baba yangu. Usilie, nimeshakuja. Nani kamwonea baba? Basi, baba, basi."

Mtoto akanyamaza. Ukumbi nao ulikuwa umenyamaza kabla yake.

Wewe msomaji, kwenu huenda mtoto wa kiume bado anaitwa baba na wa kike anaitwa mama, kwa mapenzi tu, hata akiwa hajaota jino. Na sisi zamani tulisema hivyo. Lakini mawaziri wengi walikuwa wamekulia chini ya Sheria ya Neno, na hawakuwahi kulisikia neno lile likitumika kumbembeleza mtu. Walichosikia wao ni kwamba mwanamke mgeni, redioni, amemwambia Mkuu wa Nchi anyamaze. Au amesema Baba analia. Au amesema Baba ni huyu hapa, kwenye blanketi. Yote matatu ni safari. Kanali Ndembo akapeleka mkono kiunoni.

Mheshimiwa Kidevu alipandisha miwani yake myeusi. Alimtazama fundi redio aliyeshika mkanda uliokatika. Akamtazama Bwana Anzuruni, fundi wa jokofu lisilofaa. Akamtazama mtoto. Kidevu chake kilitetemeka, kisha kikaacha. Halafu alifanya jambo ambalo litafundishwa mashuleni. Alipiga magoti kwenye zulia.

"Shikamoo, Baba," akasema.

Mtoto akacheua.

"Amesema marahaba!" akapaza sauti Mheshimiwa Kidevu. Mawaziri wakaanguka magotini mmoja baada ya mwingine, wakiangaliana nani wa mwisho. Kanali Ndembo alipiga magoti huku mkono wake bado uko kiunoni, ikambidi aegemee upande.

Mheshimiwa Kidevu akasogea kwenye kipaza sauti, bado magotini. "Ndugu wananchi. Kuna vibaraka waliokuwa wakinong'ona kwamba Baba amezeeka. Wengine wakasema mgonjwa. Wengine nisingependa kurudia walichosema. Leo wameumbuka! Baba amejifanya upya. Kwa mazoezi na mboga za majani amerudi kwenye ujana, akaupita. Ataishi kuliko sisi sote!"

Kule nje mji mzima ulishangilia. Tuliusikia. Tena nadhani wengine walikohoa, kwa mazoea.

Bi. Chausiku hakuwa amefuata maneno hayo. Alikuwa anamfuta mtoto mdomo kwa ncha ya mbeleko. "Mheshimiwa," akasema, "shughuli imekwisha? Nikampe mtoto uji."

"Mtoto gani?"

"Huyu. Mtoto wangu."

"Bibi," akasema Mheshimiwa Kidevu kwa upole, "hapa hakuna mtoto."

Wakamchukua. Alilia. Akapitishwa mkono kwa mkono, waziri hadi waziri, na kila aliyempokea alimshika mbali na mwili kama sufuria iliyotoka jikoni. Hakunyamaza kwa yeyote. Waziri wa Fedha alimwimbia wimbo wa taifa, ikawa mbaya zaidi. Mwishowe walimrudisha kwa Bi. Chausiku, na kilio kikakatika. Hapo hapo Mheshimiwa Kidevu akatangaza cheo kipya: Mtulizaji Mkuu wa Taifa. Hakumuuliza mwenyewe. Kwetu cheo hakikataliwi.

Bwana Anzuruni alisimama. Sauti yake haikuwa ya kupigana, alisema kama anavyosema fundi kwa mwenye mashine. "Mheshimiwa, huyu ni mtoto mchanga. Mkimfanya hivyo mtamharibu. Na yule mliyemweka kwenye friji..."

"Bwana Anzuruni," alisema Mheshimiwa Kidevu, "anapenda sana kusafiri."

Walimtoa kwa mlango wa nyuma. Aligeuka akamwambia mkewe, "Usimwache." Sikumwona uwanja wa ndege, na mimi ndiye ninayesindikiza wageni.

*

Nilipandishwa cheo. Iligundulika kwamba nina watoto wanne, kwa hiyo nikateuliwa Mfasiri wa Vilio, mtumishi wa Baraza. Baba akitoa sauti, mimi nasimama nasema maana yake. Ni kazi ya heshima, na silali.

Nchi ilikwenda vizuri. Baba alipokunja ngumi, tulifunga mpaka wa kaskazini. Alipotema uji, uji ulipigwa marufuku mikoa yote isipokuwa chumbani kwake. Alipolala katikati ya kikao, mawaziri nao walilala, na mambo mengi yalipita. Siku moja alimwangalia Kanali Ndembo, akaona yale masharubu, akaangua kilio. Kanali akanigeukia, uso umemparara. "Hilali, amesema nini? Hilali, ndugu yangu."

Nilimtazama mtoto. "Amelowa," nikasema.

"Tafsiri yako ni finyu," akasema Mheshimiwa Kidevu. Kanali alisafiri jioni hiyo, bila masharubu.

Bi. Chausiku aliruhusiwa kusimama nyuma ya kiti, kwa masharti. Amwite Mtukufu. Asimwimbie. Asimbusu. Amshike tu pale anapolia, na akinyamaza amrudishe kitini. Basi yule mwanamke aliyekuja na mbeleko kumfuta mtoto machozi akawa anasimama siku nzima anayasubiri. Nilimwona akifunga macho anapomchukua na kumhesabia vidole kwa kugusa. Nilimwona pia akimrudisha. Hilo sitalieleza, niliona aibu kuliko ninavyoweza kusema.

Mara moja nililazimika kuwatembeza wageni wa heshima, kwa kuwa mwonyeshaji mpya alikuwa mgonjwa. Tulifika kwenye Shimo la Mwangwi. Nilipaza sauti kama kawaida: "Baba oyee!" Shimo halikuitika. Nikarudia. Ndipo sauti ikapanda, yenye lafudhi ya nchi jirani, ya taratibu, ya mtu anayesikiliza kabla ya kusema.

"Mtoto hajambo?"

Wageni walicheka, wakanipongeza kwa teknolojia. Nikainama juu ya reli kama nafunga kamba ya kiatu. "Hajambo," nikasema. "Ameota meno. Mkeo yuko naye." Nikatega sikio. Wageni wakataka kujua mwangwi umesema nini tena, nikawaambia umechoka.

*

Kikao ninachotaka kumalizia kilihusu jina jipya la nchi. Baraza lilikuwa limegawanyika kati ya Jamhuri ya Milele na Milele ya Jamhuri. Mheshimiwa Kidevu alipiga magoti mbele ya kiti cha mahameli, ambamo Baba alikuwa amezungushiwa mito asidondoke.

"Baba, watoto wako tunasubiri. Tuseme lipi?"

Baba hakumtazama. Alikuwa anageuza shingo nyuma, amejikunja juu ya mto, anatafuta kitu. Alipokiona akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama," akasema.

Wino ulimwagika mezani, sijui kwa nani. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Mfasiri," aliita Mheshimiwa Kidevu bila kusimama. "Baba amesema nini?"

Niliinuka. "Ni meno, Mheshimiwa. Meno ya juu yanapotoka huwa wanatoa sauti ya namna hiyo. Haina maana."

"Mama," akarudia Baba, wazi kuliko ninavyoongea mimi. Akajiburuta kutoka kwenye mito, akashuka kitini kwa tumbo, akatambaa kwenye zulia mpaka miguuni pa Bi. Chausiku. Akashika pindo la gauni lake, akajivuta, akasimama. Hakuwahi kusimama kabla ya hapo. "Mama. Mama."

Mheshimiwa Kidevu aliinuka taratibu, akajipangusa magoti. Alizungumza kama mwalimu wa hesabu.

"Hebu tuelewane. Baba yu juu ya wote. Lakini mama wa Baba, kama yupo, angekuwa juu ya Baba. Mtu aliye juu ya Baba hawezi kuwepo. Kwa hiyo, akiwepo, itabidi asiwepo." Akamgeukia Bi. Chausiku. "Bibi, nakuuliza mara moja, mbele ya Baraza. Ni wewe anayekuita?"

Nilitaka atazame upande wangu, sijui ningemfanyia ishara gani. Hakutazama mtu. Alitazama chini, kwenye ile sura yenye masikio makubwa iliyomwinukia, inayocheka kwa kujivunia kusimama. Vidole vyake viliinuka kidogo kuelekea kichwa cha mtoto, akaviona, akavipeleka nyuma ya mgongo, akavikamata kwa mkono mwingine.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema.

"Sema Baraza lisikie."

"Si mimi. Mimi ni Mtulizaji tu."

"Mama," akasema mtoto, akimvuta gauni.

"Hapana, Mtukufu," Bi. Chausiku akamwambia. Alisema taratibu, kwa ile sauti aliyokuja nayo kutoka kwao, hiyo hawakuweza kumnyang'anya. "Si mimi. Mtukufu amekosea."

Mtoto alimtazama, anangoja. Mikono ilikuwa bado juu. Halafu akakaa kitako kwenye zulia, akaanza kulia, na Bi. Chausiku, ambaye kazi yake ilikuwa kumshika akilia, hakuthubutu kumshika.

Mheshimiwa Kidevu alitangaza kwamba Baraza limeridhika. Neno alilosema Baba halina mtu. Kisha akaanza kupiga makofi, na mawaziri wakafuata, na mimi nikafuata. Tulipiga kwa nguvu zetu zote, muda mrefu kuliko siku yoyote, kwa sababu tulipokuwa tunapiga tulikuwa hatumsikii.